Maua Mengi, Punje Hakuna

Vichaka vya mipendandege vilipochanua, kitalu kizima kilinukia kama nyumba ya bibi harusi. Hata dereva wa lori la samadi, mtu ambaye pua yake ilishazoea mengine, alishusha kioo akauliza, "Jamani, nani kamwaga marashi huku?"

"Ya bure hayo, nusa uende," alijibu wifi ya Mama Bonge, bila kuacha kumwagilia. "Maua kama harusi, punje kama matanga."

Wakacheka wote, isipokuwa Mama Bonge. Yeye alikuwa amechutama mwisho wa safu, mtoto mgongoni, akitazama maua ya jana yalivyotapakaa chini, meupe, kila moja na kikonyo chake. Ua likianguka na kikonyo, hakuna kilichobaki mtini. Hilo halihitaji shule.

Safu ile ya vichaka ilikuwa yake. Si kwa hati wala kwa cheo, maana cheo chake pale kilikuwa cha kujaza udongo kwenye viriba na kung'oa magugu. Lakini yeye ndiye aliyeingia msituni akakata vipandikizi, akavichomeka kwenye mchanga wenye unyevu, akavifunika kwa nailoni na kuvichungulia asubuhi na jioni kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. Siku ya kuvihamishia ardhini alikuwa na tumbo kubwa, na aliyetaka kumpokea jembe aliambiwa akatafute jembe lake. Bonge, aliyeitwa hivyo kwa ajili ya mashavu, alizaliwa vichaka vikiwa vimefika magotini. Sasa Bonge alikuwa anatembea kwa kuyumba kama mlevi, na vichaka vilikuwa vimempita mama mtu mabega.

Kazi ya mipendandege ilijulikana. Kilima kilichokuwa juu ya kitalu kiliungua, kikabaki kipara. Kichaka hiki kinashika udongo, na punje zake nyekundu zikiiva ndege hawatulii. Wanakuja kula, na kwa kuwa ndege hana adabu ya mezani, anaacha hapo hapo mbegu za miti mingine aliyoila huko atokako. Panda mpendandege, msitu utajileta wenyewe. Ila ili upande kilima kizima unahitaji mbegu nyingi, na msituni vilibaki vichaka vya kutafuta kwa tochi, vingine vyote watu wamekata fito. Ndiyo maana safu ikapandwa. Iwe shamba mama, itoe mbegu.

Haikutoa. Ilichanua msimu wa kwanza, punje hakuna. Watu wakasema bado michanga. Ikachanua tena, hakuna. Na sasa ilikuwa imechanua kuliko zote.

Bwana misitu alikuja siku hiyo hiyo, mikono nyuma. Nyuma ya mgongo wake walimwita Bwana Matokeo, kwa sababu kikao hakikwisha bila yeye kusema "mimi nataka matokeo." Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na maelfu ya miche ya miti ya mbao imebanana getini juani, na ardhi ya kuihamishia hana.

Aligusa tawi kwa kidole. Maua mawili yakadondoka.

"Mama Bonge."

"Naam, bosi."

"Nimevumilia au sijavumilia?"

"Umevumilia, bosi."

"Basi maua haya yakiisha bila kufunga punje, trekta litapita hapa. Miche yangu inaungua pale getini."

"Trekta linaloendeshwa na nani?" aliuliza, jibu analijua.

"Na mumeo. Kwani tuna madereva wangapi?"

Nyumbani jua lilikuwa halijazama bado. Chumba chao kilikuwa kimoja, pazia katikati. Bonge alikuwa ndani ya beseni, anayapiga maji makofi mpaka yanafika kwenye kitanda. Baba Bonge alikuwa ameketi mlangoni anakwangua tope kwenye buti kwa kisu cha zamani.

"Baba Bonge, kweli utalima vichaka vyangu?"

"Mimi nalima nilipoambiwa. Ningekuwa nachagua, ningeanza na ile njia ya kwa mama mkwe, angalau ipitike."

"Sifanyi utani."

Akaweka kisu chini. "Mke wangu, naona unavyoipenda ile mimea. Lakini nikikataa mimi ataletwa mwingine, na yule mwingine hatakuuliza kama umekula. Nikupe ushauri?"

"Nipe."

"Usiniombe nisilime. Nipe sababu ya kumpa bosi."

Mama Bonge alimtoa mtoto kwenye maji, akamfunga taulo akabaki mashavu tu. Sababu. Sawa. Kama ni sababu, atakwenda kuichimbua iliko.

Asubuhi alifika kitaluni kabla ya wifi kufungua bomba. Wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, alikuwa na mdomo usiopata likizo na moyo usiojua kumwacha mtu. Alimkuta Mama Bonge ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mbele ya kichaka, kama anayesubiri kuitwa kwa daktari.

"Wifi, unakitazama mpaka kione aibu kikuzalie?"

"Natazama wageni. Labda hawaji."

Walikuja. Ua la mpendandege hufunguka asubuhi na kuchoka siku hiyo hiyo, hivyo wanaolitaka hawachelewi. Wa kwanza walikuwa nyuki wadogo wasiouma, weusi, wadogo kuliko punje ya mchele, wanaingiza uso mzima kwenye ua na kuacha mkia nje. Wakafuata nyuki wa asali, wenye haraka, ua hili na lile bila salamu. Wakaja nzi wa maua wenye mistari ya manjano, wale wanaojifanya nyuki ili waogopwe, wakasimama hewani kama wamening'inizwa na uzi. Jua lilipopanda wakafika vipepeo na mirija yao mirefu. Kichaka kizima kilivuma.

"Wageni hao," wifi alisema. "Hata harusi yangu haikujaa hivi, na chakula kilikuwepo."

"Basi hawana kosa."

"Watu wa getini wanasema vichaka vyako ni tasa tu."

"Tasa ni neno la watu wavivu wa kutazama," alisema Mama Bonge, na akasimama.

Hata hivyo hakuwaachia wadudu peke yao. Pengine wana haraka, alijiambia, pengine hawafikishi. Akachukua unyoya laini wa kuku akawa anapapasa ua la kichaka hiki, kisha la kile, anahamisha ule unga wa ua, chavua, kwa mkono wake mwenyewe, na kila tawi alilopapasa akalifunga uzi mwekundu. Wafanyakazi waliopita walimwona mtu mzima anatekenya maua, wakapata la kusimulia. Yeye akaendelea mpaka shingo ikamuuma, na kesho yake tena.

Matawi yenye uzi yalidondosha maua sawasawa na yasiyo na uzi.

Hapo ndipo ushupavu wake ulipogeuka. Mpaka siku hiyo alikuwa anapigana na wadudu, na mvua, na udongo, vyote vya nje. Sasa alichuma ua moja, akaketi kivulini, akalipasua kwa ukucha wa kidole gumba kutoka mdomoni mpaka chini. Alikuwa ameyatunza maua haya misimu yote hii na hajapata hata siku moja kulifungua moja ndani.

Lilikuwa mrija mwembamba wenye petali tano mdomoni. Katikati ulipita uzi mrefu uliotokeza nje, ncha yake imepasuka pande mbili kama ulimi wa nyoka. Huo ndio wa kike, unaopokea. Vifuko vya unga vilikuwa vimejificha chini kabisa, kooni mwa ua. Alipasua la kichaka cha pili, hivyo hivyo. La mwisho wa safu, hivyo hivyo. Uzi mrefu nje, unga ndani.

"Wifi, kesho nakwenda msituni. Nataka kuona la huko lina nini."

"Na mtoto?"

"Mgongoni."

"Basi na mimi nakuja. Ukipotea, mdogo wangu atanililia mimi, na analia vibaya yule."

Walivuka mto penye mawe wakapanda. Mama Bonge alikuwa anakwenda moja kwa moja pale alipokata vipandikizi vyake, kwenye kile kichaka mama. Alikikumbuka kama watu wanavyokumbuka mtu mzuri: kipana, majani yanang'aa, punje nyekundu mpaka matawi yameinama. Siku ile aliambiwa akate kwenye vichaka mbalimbali. Lakini ukiwa mbele ya kitu kizuri namna ile, nani anakwenda kukata kwa jirani mbovu? Alikata vyote pale pale, akajaza gunia, akarudi anaimba.

Kichaka mama hakikuwepo. Maporomoko ya mvua yalikuwa yameng'oa ukingo mzima, kikabaki kidonda cha udongo mwekundu. Lakini jirani yake alikuwepo bado, kile kichaka chembamba, kimepinda, majani yametobolewa na viwavi, ambacho siku ile hakukipa hata jicho la pili. Kilikuwa kimechanua. Punje, hakuna hata moja.

"Hiki nacho kimeambukizwa na vyako," alisema wifi.

Mama Bonge alivuta tawi. Alichuma ua, akalipasua. Akachuma jingine. Akamgeuza Bonge upande wa pili wa mgongo ili apate mwanga.

"Wifi, njoo uone. Mimi naona vibaya au?"

Vifuko vya unga vilikuwa juu, mdomoni mwa ua, vimetokeza. Na ule uzi wa kike ulikuwa mfupi, umejificha kooni. Kila kitu kimegeuzwa.

"Mmea mwingine huu," wifi alisema.

"Jani ni lile lile. Harufu ni ile ile."

Wakaendelea kupanda. Juu kidogo, penye jabali, walikuta vichaka viwili vimeota karibu mpaka matawi yameingiliana, huwezi kusema lipi la nani. Vyote viwili vilikuwa na maua, na chini ya maua vyote viwili vilikuwa na punje za kijani, ngumu, zimeshonana kama shanga. Mama Bonge aliketi chini kama aliyesukumwa. Akapasua ua la cha kushoto: uzi mrefu, unga chini. La cha kulia: unga juu, uzi mfupi.

Nyuki mdogo mweusi alitua kwenye ua lenye unga mdomoni. Akaingiza uso, akatoka na paji la uso jeupe kama aliyebusu ndoo ya ngano. Akaruka, akaingia kwenye ua la jirani, na pale mlangoni, paji lile likagonga ncha ya uzi mrefu. Palikuwa pahali pake kabisa. Na humo ndani, Mama Bonge alifikiri, mdomo wake sasa unachovya unga wa chini kooni, na atakaporudi kwa yule mwingine, mdomo huo huo utafika kwenye ule uzi mfupi uliojificha.

Alitazama mpaka machozi yakamtoka. Ni namna mbili za mmea mmoja. Huyu anampa yule, yule anampa huyu, na wa namna moja hawapeani kitu, hata ukiwapapasa kwa unyoya mpaka kiama. Kichaka mama kilizaa kwa sababu ya jirani yake mbovu. Jirani sasa hazai kwa sababu kichaka mama kimekufa. Na kule kitaluni...

"Kule kitaluni vyote ni kichaka kimoja," alisema kwa sauti. "Nilikikata vipande nikakipanda safu nzima. Wote wana uzi mrefu."

Wifi alifikiri kidogo, mkono kiunoni. Kisha akacheka mpaka ndege wakaruka.

"Kwa hiyo wifi yangu umepanda ukoo mzima wa madada, halafu unakaa kwenye ndoo kusubiri wajukuu!"

"Cheka," alisema Mama Bonge, naye anacheka. "Cheka, lakini shika kisu. Tunakata matawi yenye maua."

"Kuchomeka tena? Mpaka yaote mizizi mumeo ameshalima mara kumi."

"Sisubiri mizizi. Nataka maua yake tu. Nyuki hajali ua limesimama kwenye mzizi au kwenye ndoo."

Hawakukata mahali pamoja safari hii. Walikata kidogo kwenye kile cha uzi mfupi cha jabalini, kidogo kwa yule jirani mwembamba, wakachungulia kila ua kuhakikisha, wakafunga matawi kwenye magunia mabichi. Walishuka kwa miguu ya kukimbia, Bonge anaruka mgongoni na kuona raha.

Ndoo za kitaluni zilikuwa chache, nyingine zina matundu. Waliweka maji kwenye zile nzima, kwenye madebe, kwenye sufuria ya wifi aliyokuja nayo ya chai, wakasimamisha matawi katikati ya safu, kuanzia upande wa bomba, mpaka vyombo vikawaishia kabla ya kufika upande wa barabara. Kutoka hapo Mama Bonge hakunawa hata mikono. Alikwenda ofisini kwa bwana misitu.

"Bosi, nimepata sababu."

"Udongo?"

"Mimi."

Bwana Matokeo akaweka kalamu chini. Alisimuliwa yote, la uzi mrefu na la uzi mfupi, na la gunia lililojazwa kwenye kichaka kimoja. Mama Bonge hakujipunguzia.

"Nilikuambia ukate kwenye vichaka mbalimbali," alisema bwana misitu.

"Uliniambia. Nilikiona kizuri nikasahau kusikia."

"Na sasa umeweka ndoo za maua shambani kama tunapokea mgeni rasmi."

"Ndiyo, bosi. Yamebaki maua ya siku chache. Niachie mpaka nione kama vikonyo vinabaki mtini. Pakiwa hakuna kitu, hata trekta usilete, mafuta ghali. Nitang'oa mwenyewe kwa jembe."

Bosi alimtazama, mwanamke mwenye udongo mpaka kwenye nyusi na mtoto anayemvuta sikio.

"Dereva ana gurudumu la kurekebisha," alisema mwishowe. "Asipomaliza mapema, mimi sitamkimbiza. Lakini likitengemaa, Mama Bonge, nataka matokeo."

Kila asubuhi alibadilisha maji, akatupa matawi yaliyonyauka, akapanda tena msituni kuleta mapya. Wifi alikuja naye analalamika njia nzima kuhusu sufuria yake, na siku Mama Bonge alipoamka na homa, wifi alikwenda peke yake, akarudi na mzigo mkubwa kuliko wote. Nyuki wale weusi hawakuuliza ndoo ni ya nini. Waliingia na kutoka, paji jeupe.

Maua yakaisha. Yakadondoka, kama kawaida. Lakini upande wa bomba yalidondoka matupu, bila kikonyo. Vikonyo vilibaki mtini vimesimama, na kwenye ncha ya kila kimoja pakawa na uvimbe wa kijani, mdogo kama kichwa cha kiberiti.

Baba Bonge ndiye aliyeletwa kwanza kuona. Alivua kofia. "Sasa hiyo," alisema, "ndiyo sababu ya kumpa bosi."

Gurudumu likatengemaa. Bwana misitu alipita na vigingi. Alikuwa muungwana: palipo na punje pabaki, pasipo nazo trekta lipite, na miche ya getini ipate kwao. Upande wa bomba haukuguswa. Mbele, ndoo zilipoishia, alichomeka kigingi, akakipiga nyundo. Kutoka hapo mpaka barabarani safu ilikuwa ya trekta. Mama Bonge alikubali. Alikuwa ameshajaza mchanga kwenye kitanda kipya, na vipandikizi vya uzi mfupi vimelala kwenye gunia bichi vikimsubiri. Vichaka vya kutosha vilibaki. Mtu hashindi yote.

Lakini trekta lilipoanza kunguruma, moshi juu, yeye alikuwa upande ule wa pili wa kigingi, ameinama, anainua majani ya kichaka cha kwanza moja moja kama anayetafuta chawa kwenye kichwa cha mtoto. Aling'oa kigingi. Akakihamisha kukizunguka kichaka, akaokota jiwe, akakigongomea upande wa barabara.

"Mama Bonge!" bwana misitu aliita kutoka kivulini. "Hicho kigingi nimechomeka mimi!"

"Najua, bosi. Ulichomeka umesimama. Njoo uiname."

Baba Bonge alizima injini bila kuambiwa, akaegemea usukani, akatazama mbele kama mtu asiyemjua yeyote pale. Bwana misitu alikuja, mikono nyuma. Akainama, magoti yakalia. Mama Bonge akamshikia jani.

Zilikuwa punje tatu za kijani, kwenye tawi moja la chini. Kuna nyuki aliyekwenda mbali kuliko ndoo.

Bwana misitu alizitazama. Alizigusa kwa kidole kile kile, na hazikudondoka.

"Na hicho kinachofuata?" aliuliza.

"Sijakitazama bado."

"Sasa unasubiri nini? Kitazame. Trekta halilali hapa."

Mama Bonge akamkaza Bonge mgongoni, akahamia kichaka kinachofuata, akainama.